Fahari Moja kwa Moja

Nchi ya Ukwasini haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtupie jirani yake jicho la kuuliza. Ni nchi ya mbali sana. Viongozi wake wanawapenda wananchi, wananchi wake wameagizwa kuwapenda viongozi, na fedha yake inaitwa fahari. Ng'ambo ya mto iko nchi ya Uvukoni, ambayo haina la kujivunia isipokuwa maziwa, chuma, barabara, na fedha iitwayo toke.

Watu wa Ukwasini walikuwa na desturi iliyowashangaza wageni: hawakuhesabu umri kwa miaka. Kuhesabu walijua. Tatizo ni kwamba kila mtawala aliyeingia Ikulu alitangaza kuwa mwaka wake wa kwanza ndio mwaka wa kwanza wa nchi, na miaka yote ya nyuma ikafutwa pamoja na ahadi zake. Kalenda zilichanwa mara nyingi hata mtu akawa hajui alizaliwa lini. Basi wakatafuta kitu ambacho hakuna mtawala aliyeweza kukirudisha nyuma, wakakipata. Bei ya toke.

Siku ya Uhuru toke moja ilinunuliwa kwa nusu fahari. Baadaye kwa moja, kisha mbili, kisha tatu, na safari ikaendelea, hadi wakati wa kisa hiki ilipokuwa imevuka mia tisa. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote. Haikusimama, haikurudi nyuma, na kazi ya kuitia ufunguo ilifanywa na serikali yenyewe bila kuombwa. Watu wakikutana barabarani waliulizana, "Wewe wa ngapi?" Mmoja akisema ni wa kumi na mwenzake ni wa arobaini, basi wa arobaini alitoa shikamoo na mambo yakaishia hapo. Mara moja tu saa ile ilirudi nyuma, ikaleta balaa: mtambo wa kuchapa noti uliharibika, na kwa wiki nzima fahari ikapanda. Watoto waliozaliwa wiki ile wakawa wakubwa kuliko kaka zao, na kesi za urithi zilizotokana na wiki hiyo hazijaisha hadi leo.

Na kwa kuwa umri ulikuwa namba, namba ikawa jina. Kulikuwa na akina Kumi, akina Thineni, ndio wa mbili, akina Sabini. Na katika mtaa wa nyuma ya Wizara ya Thamani kulikuwa na msusi mmoja aitwaye Tatu, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliyekuwa akisuka huku anatunga mashairi, hata wateja wengine wakaomba waongezewe mistari ili wamalizie wimbo.

Jina lake lilikuwa na kisa. Mama yake, marehemu Bi Nusu, alikwenda mpakani Kizuizini kubadilisha fedha anunue nguo za uzazi. Alijiunga na foleni toke ikiwa kwa mbili, ana mimba. Alipofika dirishani toke ilikuwa kwa tatu, na mkononi ana mtoto. Mbadilishaji akamwambia, "Mama, fedha yako haitoshi tena." Bi Nusu akamfunika mtoto kwa upande wa khanga, akajibu, "Sawa. Lakini huyu anaitwa Tatu, ili asije mtu siku moja akamwambia kwamba haikutokea."

Shamba hakumwachia. Nyumba hakumwachia. Alimwachia hilo.

*

Sasa ikawa Ukwasini inajiandaa kwa Jubilei, na wageni wamealikwa. Mtukufu Mlezi wa Fahari, ndiye mtawala wa wakati ule, alipita ukumbini kukagua mapazia, akasimama mbele ya mchoro mkubwa ukutani.

"Mstari huu ni wa nini?" akauliza.

"Ni thamani ya fahari yetu, Mtukufu," akajibu Waziri wa Thamani, Mheshimiwa Dokta Sifaeli Tambo. "Tangu Uhuru."

"Mbona unateremka?"

"Unapumzika, Mtukufu."

Mtukufu hakuridhika. Mchoro ukaning'inizwa juu chini ili mstari upande, lakini maandishi nayo yakawa miguu juu, na kila aliyetaka kuyasoma alilazimika kuinamisha kichwa mpaka kilemba kikadondoka. Ukageuzwa usomwe kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo ikaonekana kwamba nchi inaendelea vizuri kuelekea siku ilipotawaliwa na wakoloni. Mwisho Dokta Tambo akaagiza rula, akachora mstari mpya kwa mkono wake, mnyofu kama kamba ya kuanikia nguo. Rula hiyo ilinunuliwa Uvukoni, kwa toke.

Siku iliyofuata wananchi walisombwa kwa malori hadi Uwanja wa Uhuru, na Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu husema fahari imeshuka. Nauliza, imeshuka kutoka wapi? Anayeshuka sharti awe alipanda! Nani miongoni mwenu aliwahi kuiona fahari imepanda?"

Watu wakatazamana, maana hapo, ukitoa ile wiki ya mtambo, alikuwa amesema kweli.

"Hakuna! Basi kisichopanda hakishuki. Wataalamu wangu wamejitolea kuisahihisha historia, bila posho isipokuwa posho ya kawaida, na wamegundua kwamba toke moja imekuwa, ni, na itakuwa fahari moja. Tangu zamani! Moja kwa moja!"

"Moja kwa mojaaa!" wakaitikia wananchi, kwa sababu malori ya kuwarudisha yalikuwa yanasubiri amri yake.

Tatu alikuwa pale, amebanwa kati ya mama muuza dagaa na mlinzi wa benki. Alipiga makofi kama wenzake. Alidhani ni maneno ya jukwaani, yale ambayo mtu huyaacha palepale uwanjani pamoja na maganda ya karanga.

Lakini yale maneno yalimfuata nyumbani. Kwani kama bei ilikuwa moja daima, basi raia wote wa Ukwasini walizaliwa kwa moja, na kama walizaliwa kwa moja basi wote ni wa rika moja. Gazeti la Serikali likaliita Rika la Moja kwa Moja. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Wazee waliokwenda kuchukua kiinua mgongo waliambiwa hakuna mzee nchini, wakarudishwa wakalete sare za shule. Watoto wachanga wakaletewa madai ya kodi ya kichwa. Shikamoo ikapigwa marufuku, kwa kuwa ni kauli inayodokeza mfumuko wa bei.

Na kila mwenye jina la namba akaamriwa aitwe Mosi. Ukiita "Mosi!" sokoni, soko zima linageuka. Hospitalini, bwana mmoja aliyekwenda kung'oa jino alirudi nyumbani ametahiriwa kwa mara ya pili.

*

Wa kwanza kumletea Tatu habari hizo kwa karibu alikuwa Bi Thineni, mke wa Waziri Tambo mwenyewe. Alikuja saluni na gari lenye bendera, akaketi kwenye kigoda kwa kishindo.

"Shikamoo, Bi Thineni," Tatu akamwamkia, maana bibi huyo alimzidi kwa fahari nzima.

"Weee! Funga mdomo!" Bi Thineni akachungulia dirishani. "Unataka mume wangu afukuzwe kazi? Shikamoo ya nini mimi na wewe? Sisi rika moja, shoga. Na mimi siku hizi naitwa Mosi. Nisuke kisichana, nisuke mabutu."

"Mabutu mangapi?"

"Yale... yale ya huku na huku."

"Mawili?"

"Usitaje!"

Tatu akacheka hadi kitana kikamtoka. "Basi nitakufunga moja katikati, dada. Moja kwa moja, kama pembe ya kifaru. Na wajukuu hawajambo?"

"Wadogo zangu? Hawajambo. Ila mkwe ndiye ananisumbua. Mume wangu kampeleka mama yake chekechea, sasa bibi kila siku anarudi analia, anasema wenzake wanamnyang'anya uji." Akajitazama kwenye kioo, akabonyeza shavu. "Lakini ukweli usemwe, Mosi. Sheria hii ina faida zake."

"Mimi ni Tatu."

"Ndiyo, nasema, Mosi..."

"Bi Thineni, kichwa chako kiko mikononi mwangu. Mimi ni Tatu."

Alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza wa nywele pale alipoingia Bwana Kidete, afisa wa Idara ya Kusawazisha Majina, kijana mwembamba aliyebeba kopo la rangi nyeupe na brashi. Alikuwa ametoka kufuta ubao wa duka la jirani, Sabini na Wanawe, ambalo sasa lilisomeka Mosi na Mosi.

"Habari za kazi, wananchi wa rika langu," akasema. "Huo ubao wenu hapo nje, Saluni ya... ya huyo, unahujumu uchumi. Nimekuja kuusawazisha. Kisha wewe dada utatia kidole hapa, uwe Mosi binti Mosi, nami nikuachie kadi yako. Ina picha ya Mtukufu."

"Na picha yangu je?"

"Picha ni moja kwa wote. Moja kwa moja."

"Mdogo wangu," akasema Tatu, na neno hilo likamfanya kijana aruke kama aliyekanyaga kaa la moto, "wewe umezaliwa toke ikiwa kwa mia mbili. Mimi nilikunyoa kichwa kikiwa bado kina maji ya uzazi."

"Hakuna mia mbili!"

"Ipo. Imesimama mbele yangu na kopo la rangi."

Bi Thineni akacheka bila kutaka, kisha akajifanya anakohoa. Kidete akakunja uso. "Dada, ni jina tu. Sema ndiyo, mimi niende mtaa wa pili. Samahani. Mtaa mwingine."

Hapo Tatu akaweka kitana chini. Akajifuta mafuta mikononi, akatoka hadi mlangoni, akasimama kati ya kijana na ubao wake, na kwa sauti ile ile ambayo mtaa ulizoea kuisikia ikiimba, akamtolea shairi:

"Jina langu sitouza, kwa kiwango cha wizara,
Mama alinitangaza, foleni yenye hasira,
Nyie mnaojikweza, kwa fahari ya hasara,
Iteni, nitanyamaza, hadi mchoke kufura."

Muuza maji aliyekuwa anapita akashusha mkokoteni. "Rudia hapo pa fahari ya hasara, dada!" Tatu akarudia. Kidete alitazama watu wanavyokusanyika, akatazama kopo lake, akaona rangi imepungua ghafla.

"Nitarudi," akasema.

"Ukirudi njoo na shikamoo," Tatu akamjibu, akarudi kumalizia pembe ya Bi Thineni.

*

Lakini moyo wake haukutulia. Aliwaza: hawa wanasema mimi ni moja, kwa kuwa fedha ni moja. Basi waanze na fedha.

Sarafu ya fahari moja ilikuwa haitumiki tena madukani. Watu walizitoboa katikati wakazitumia kama washa, vile visahani vya kushikia misumari ya mabati. Tatu akapanda paani kwake, akang'oa moja, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaenda nayo Benki ya Taifa.

Dirishani alikaa kijana mwenye tai. "Karibu, dada Mosi."

"Si Mosi. Nataka toke moja." Akaiweka sarafu juu ya kaunta.

Kijana akaitazama ile sarafu na tundu lake. "Toke leo ni mia tisa na kumi."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na Waziri amesema imekuwa moja tangu zamani."

"Ah, hicho ni kiwango cha kihistoria."

"Kiwango cha kihistoria ndio kitu gani, baba?"

Kijana alisoma kwanza karatasi iliyobandikwa chini ya dirisha. "Ni kiwango ambacho kimekuwepo siku zote," akasema, "isipokuwa siku unayokuja kubadilisha."

Foleni yote ilisikia. Mwanamume aliyekuwa nyuma akaguna. Tatu akaokota sarafu yake, akawageukia watu, akainyanyua juu.

"Jamani, mmesikia! Mimi si mkaidi. Siku benki hii itakaponipa toke moja kwa sarafu hii, siku hiyohiyo nitaitwa Mosi, na nitaitika. Kabla ya hapo, asiniite mtu!"

Watu wakacheka, kisha wakatazama nyuma kuona nani amewaona wakicheka. Lakini maneno yana miguu. Kesho yake foleni ya benki ilizunguka jengo zima, kila mtu na sarafu yake yenye tundu, na kila mmoja akidai toke moja au arudishiwe jina lake. Upepo ulipovuma mchana, mabati ya mtaa mzima yakaanza kupiga makofi, na mengine yakaruka hadi kwenye bustani ya Wizara.

Dokta Tambo akatoa taarifa kwa umma. Sarafu zile, ilisema, hazikuwa fedha kamwe. Ni vifaa vya ujenzi, na anayevipeleka benki anafanya biashara ya ujenzi bila leseni. Ama yule mwanamke aliyeanzisha vurugu, Mosi binti Mosi, afikishwe mahakamani kwa kosa la kuitwa vingine.

*

Mwanawe mwenyewe ndiye aliyekuja kumwambia Tatu. Aliitwa Arobaini, dereva wa Wizara, na kwa vile mshahara wake ulitoka mlango uleule uliotoa sheria, alikuwa ametia kidole tangu siku ya kwanza. Alimkuta mama yake akichambua mchele uani. Akasimama. Kwa mazoea mdomo ulishafunguka kuamkia, akaufunga.

"Malizia," Tatu akasema. "Shika... nini?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Mama? Mimi na wewe si rika moja? Mama anatoka wapi? Au tulizaliwa sote siku moja, tukanyonyeshana?"

Arobaini akachuchumaa kando ya ungo. "Wamesema ukitia kidole leo kesi inakufa. Usipotia, ni kifungo cha moja kwa moja. Nimemuuliza mwendesha mashtaka maana yake. Anasema unaingia moja kwa moja, kutoka hakumo kwenye sheria." Akaokota chuya moja, akaitupa. "Ni jina tu, mama. Mimi nimeshakubali langu, na sijafa. Ugali una ladha ileile."

"Una ladha ileile, ndiyo. Wakikuita, unajuaje kama ni wewe?"

Arobaini akatafuta chuya nyingine ya kutupa.

"Nisikilize. Wakiniambia toke ni ghali, navumilia. Wakisema fedha hakuna, nasuka kwa mkopo. Nimezoea, nimekulia humo. Lakini huyu Tambo anataka niseme kwamba mama yangu hakusimama pale. Kwamba ile foleni haikuwepo, miguu haikumvimba, hakunizaa juani huku anasukumwa na watu wanaogombea dirisha. Wamechukua thamani ya jasho lake, sasa wanataka na jasho lenyewe. Hapana. Hiyo siwapi."

"Watakufunga."

"Wanifunge. Lakini watanifunga mimi. Hawatamfunga Mosi."

Arobaini aliondoka bila kuaga. Tatu akaendelea kuchambua mchele, ila sasa alikuwa anatupa punje na kubakiza chuya, na ilimchukua muda kutambua.

*

Mahakama ilijaa hadi madirishani. Mbele, juu ya kiti kirefu, alikaa Hakimu Mwinjuma, mtu mnene mwenye pumzi fupi na sifa ya kutokupoteza kesi ya serikali hata moja. Kwenye benchi la nyuma alikaa mtu wa Wizara, mwenye miwani myeusi na kalamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza waliokuja kusikiliza. Wote walijua kalamu hiyo haina upendeleo. Ilishawahi kuandika jina la hakimu aliyetangulia.

Karani akasimama. "Mosi binti Mosi!"

"Naam!" "Abee!" Mahakama nzima ikainuka, wanaume kwa wanawake, maana wote walikuwa na kadi. Arobaini naye aliinuka, karibu na ukuta. Aliyebaki ameketi ni mmoja tu, kizimbani, amekunja mikono.

"Kaeni!" akafoka Hakimu. "Namwita mshtakiwa. Mosi!"

Wakainuka tena. Safari hii Arobaini hakuinuka. Jirani yake akamvuta shati, yeye akamtoa mkono.

Hakimu akajipangusa jasho, akamgeukia mwendesha mashtaka. "Soma shtaka."

"Mheshimiwa, mshtakiwa, kwa makusudi na kwa nia ya kuidhoofisha fahari, amekuwa akijiita... akijiita jina ambalo..."

"Jina gani?"

"Halitajiki, Mheshimiwa. Kulitaja ni kosa lenyewe."

"Nitamhukumu vipi kwa jina nisilolisikia?"

Mwendesha mashtaka akafikiri, kisha akanyanyua vidole vyake, kidole cha shahada na viwili vya jirani yake.

"Shusha!" Hakimu akatupa jicho nyuma, kwenye ile miwani. "Hivyo ni vielelezo ambavyo havijasajiliwa."

"Basi, Mheshimiwa, niseme ni ile namba inayokuja baada ya mbili."

"Mbili ni nini?" Hakimu akauliza haraka, akitazama dari.

"Sijui, Mheshimiwa," akajibu mwendesha mashtaka, naye akatazama dari. "Nimesikia watu wakisema."

Kicheko kikaanzia dirishani kikaingia ndani. Hakimu akagonga meza. Akamwinamia mshtakiwa, akabadili sauti ikawa ya asali.

"Sikia, dada yangu. Mimi sina haja na wewe. Sema maneno mawili... sema maneno machache tu: naitwa Mosi. Nakuachia uende zako nyumbani. Ukikataa, ni kifungo cha moja kwa moja. Haya, Mosi, unasemaje?"

Tatu alitazama dirisha, kama mtu anayesikia jirani akiitwa.

"Mosi! Nasema na wewe!"

Mzee mmoja mwenye sare ya shule ya msingi akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mbele, "Huyo si Mosi, mjukuu wangu. Mwite vizuri."

Ndipo Tatu akasimama. Akajifunga khanga kiunoni. "Mheshimiwa," akasema kwa upole, "naona kesi hii ni ya Mosi, na Mosi mwenyewe hajafika. Mimi nina mteja ananisubiri, nimemwacha kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Naomba ruhusa." Akateremka kizimbani, akaanza kwenda zake katikati ya mabenchi.

Askari waliokuwa mlangoni wakatazamana, wakaitazama hati ya kukamata. Imeandikwa Mosi binti Mosi.

"Mheshimiwa," mmoja akauliza, "tumzuie nani?"

"Huyo! Mosi huyo!"

Askari akamkamata mama muuza dagaa aliyekuwa karibu naye, kwa kuwa kadi yake ilisomeka hivyo. "Si huyo! Huyo mwingine! Mosi, rudi!" Watu waliokuwa wameanza kutoka wakarudi kwa utii, wakajazana mbele. "Mosi, simama!" Wote wakasimama, wakaziba njia, na katikati yao mwanamke mmoja aliendelea kutembea taratibu, akisema samahani, nipishe baba, samahani, na watu wakampisha. Arobaini ndiye aliyemfungulia mlango.

"Shikamoo, mama," akasema, si kwa kunong'ona.

"Marahaba, mwanangu."

Hakimu Mwinjuma aliiona kesi ya serikali inatoka mlangoni kwa miguu yake. Sifa yake yote ya maisha ilikuwa imefika kizingitini, inapungiwa mkono na umati. Mishipa ikamsimama shingoni. Akasahau Wizara, akasahau miwani, akasahau rula na mstari. Akainuka kitini, akapiga ukelele uliosikika hadi mtaa wa nyuma:

"Wewe Tatu!"

Kalamu ya mtu wa Wizara ikasimama hewani. Karani, ambaye aliapishwa kuandika kila neno la Hakimu, alikuwa ameshaliandika.

Tatu akageuka. Uso wake ulitulia, kama wa mtu aliyeitwa na nduguye kutoka chumba cha pili.

"Abee, Mheshimiwa," akaitika.

Akarudi katikati ya mabenchi kwa mwendo uleule, akapanda kizimbani, akashika mbao kwa mikono yote, na macho yake yakakutana na ya Hakimu, aliyekuwa bado amesimama, mdomo wazi.

"Umeniita kwa jina langu, nimekuja," akasema. "Haya, sasa nihukumu."